Ufundi wa Mitambo ya Baridi na Vijana Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa



Halmashauri ilinitaka niseme mbele yenu juu ya jambo lililo katika ajenda ya leo, nalo ni kama yafaa Chama chetu kitoe sehemu ya fedha zake kuwafundisha vijana wetu ufundi wa mitambo ya baridi, yaani mafriji, mafriza, vyumba vya baridi na viyoyozi. Mimi si fundi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika hati za malipo na kutunza mafaili. Lakini karani huona mambo ambayo mwenye kampuni hayaoni, kwa kuwa kila shilingi itokayo hupita mezani pake. Na kwa miaka kadhaa sasa nimeona ni mafundi gani waitwao usiku wa Jumamosi, wakaja, wakalipwa papo hapo bila kubishana. Nimezungumza na mafundi hao, nimesoma vitabu vyao kadiri nilivyoweza, na nitakayoyasema nimeyapima kabla ya kuyaleta kwenu.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana mtu hawezi kupiga kura juu ya kitu asichokijua.

Wazee wetu waliijua baridi kabla ya umeme. Katika nyumba za pwani mtungi wa udongo uliwekwa penye upepo, na maji yake yalikuwa baridi hata saa saba za mchana. Sababu ni kwamba mtungi hutoka jasho. Maji kidogo hupenya udongo na kugeuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mgonjwa apakwaye spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano huhisi baridi kwa sababu iyo hiyo. Basi friji ni mtungi uliofungwa. Ndani ya mabomba yake mna kitu ambacho mafundi hukiita gesi. Kitu hicho hugeuka mvuke katika mabomba ya ndani ya sanduku, na kwa kugeuka hunyonya joto la nyama au maziwa tuliyoyaweka humo. Kisha mashine iitwayo kompresa huuvuta mvuke huo, huukandamiza mpaka uwe wa moto sana, na kuusukuma katika mabomba ya nyuma, ambako hutoa joto lake nje na kuwa majimaji tena. Majimaji hayo hupitishwa katika kijibomba chembamba, shinikizo hushuka ghafula, na safari huanza upya. Kwa hiyo mashine ya baridi haitengenezi baridi hata kidogo; huhamisha joto tu, ikalitoa ndani na kulitupa nje. Atiaye shaka na aweke mkono wake nyuma ya friji jioni hii.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu moja. Katika safari hiyo yote hapana mahali ambapo gesi huliwa. Gesi ya friji si mafuta ya taa ambayo huungua yakaisha. Imefungwa ndani ya mabomba, na mashine iliyoungwa vyema hudumu miaka mingi na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua imevuja, na ikivuja pana tundu. Lakini ni wangapi kati yetu wenye bucha, mikahawa na maduka ya soda ambao kila baada ya miezi michache huambiwa, “Mzee, gesi imekwisha,” wakatoa fedha, fundi akajaza, akaenda zake? Nimewahi kuandika hati tatu katika mwaka mmoja kwa ajili ya friza moja tu, na hati zote tatu zilikuwa na maneno mamoja: kujaza gesi. Fundi wa nne alikuwa kijana aliyeisomea kazi hii. Alitia naitrojeni ndani ya mabomba, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, akaona povu mahali pamoja. Akalehemu hapo, akanyonya hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi huku akiipima kwa mizani. Hati yake ilikuwa na fedha nyingi kuliko yoyote ya zile tatu za kwanza, walakini hapakuwa na hati ya tano.

Tofauti ya mafundi hao si akili wala bidii. Wale watatu walikuwa watu wa bidii. Tofauti ni kwamba mmoja alifundishwa mambo yanavyokwenda ndani ya bomba asiloweza kuona ndani yake, na wengine walifundishwa kufungua na kufunga. Bwana Mwenyekiti, jambo ninaloliomba leo limo katika tofauti hiyo.

Sasa yafaa tuulize kama kazi ipo. Zamani samaki wa pwani hii asiyeliwa siku ile alitiwa chumvi akaanikwa, akawa ng'onda. Ng'onda bado tunamla, na mimi nampenda. Ila samaki wengi wa leo husafiri katika barafu, na barafu hutoka katika mashine. Hapa Kilindini kontena za baridi huchomekwa umeme bandarini zikingoja meli, na ndani yake mna parachichi za wakulima wa bara zinazokwenda ng'ambo. Mashine ya kontena moja ikizimika na asijulikane wa kuitengeneza, jasho la msimu mzima laoza. Maua ya Naivasha hutiwa katika baridi mara yakatwapo na hubaki humo mpaka yafike Ulaya. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake, nayo yataka kushushwa upesi mpaka digrii 4, la sivyo yatachacha njiani. Ndiyo maana vyama vya ushirika vya wafugaji kule kwetu vina matangi ya kupoza maziwa, na tangi likiharibika siku ya Ijumaa mkulima humwaga maziwa siku ya Jumamosi.

Hospitali nazo ni vivyo hivyo. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya digrii 2 na digrii 8. Zikipata joto huharibika, na nyingine zikigandishwa huharibika pia, wala kwa kutazama dawa yenyewe huwezi kujua kama ingali hai. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona, ilikuja nchini chanjo ya Pfizer ambayo ilitaka kutunzwa katika baridi ya digrii 70 chini ya sifuri. Sote tuliona daktari na muuguzi katika picha za magazeti. Fundi aliyehakikisha kwamba friza ile haipandi joto usiku hakupigwa picha.

Na nitataja mahali ambapo hatupendi kupataja. Chama hiki, kama vingi vya namna yake, kilianzishwa ili mtu wetu afiapo hapa pwani arudishwe kwao kwa heshima. Twajua sote maana ya kungoja siku nane au kumi mpaka ndugu wakusanyike na gari lipatikane. Katika siku hizo heshima ya marehemu haiko mikononi mwetu wala mwa padri. Iko mikononi mwa kompresa iliyo nyuma ya chumba cha maiti, na mwa mtu aliyeitengeneza mara ya mwisho. Wako humu waliopata kufungua jeneza wakatamani wasingelifungua. Sitasema zaidi.

Viyoyozi ni sura nyingine ya ufundi huo huo. Hapa Mombasa hakuna haja ya kueleza joto, lakini watu husahau kwamba kiyoyozi hupunguza pia unyevu wa hewa, na kwamba maji yale yanayodondoka kutoka ukutani ni unyevu uliotolewa chumbani. Kwa sisi makarani, mna jambo la kufurahisha katika historia yake. Willis Carrier wa Marekani alipobuni mtambo wake mwaka 1902 hakuwa akiwafikiria watu waliotoka jasho. Alikuwa akifikiria karatasi. Kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini Brooklyn kilisumbuliwa na unyevu, karatasi ikavimba na kusinyaa, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Leo mahoteli ya pwani, mabenki, vyumba vya upasuaji na vyumba vya kompyuta haviwezi kukaa siku mbili bila mitambo hiyo. Hata simu hizi tunazozishika zategemea vyumba vyenye mashine zinazopozwa mchana na usiku.

Kazi ipo, basi. Lakini najua wako wazee humu ambao wakisikia neno ufundi mioyo yao hujifunga, na haifai kuwapita kana kwamba hawana hoja. Wanayo. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha kazi za mikono kule Kabete, kwa ajili ya Waafrika peke yao. Mwaka uo huo Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika iambatane na kilimo na kazi za mikono. Babu zetu hawakuhitaji mkalimani kuelewa maana yake. Walisikia kwamba kalamu ni ya wengine, na kwamba wao watapewa jembe na nyundo. Wakapigania shule ya vitabu, wakauza mbuzi na ng'ombe, wakajenga madarasa kwa mikono yao. Mimi nisimamaye hapa na cheti cha sekondari ya misheni ni tunda la vita vile, wala sitasimama juu ya migongo yao kuwacheka.

Lakini nasema hivi. Babu zetu hawakuikataa nyundo kwa sababu ni nyundo. Walikataa kuzuiliwa wasijue. Na ufundi huu wa baridi hauwezekani bila kujua. Mwanafunzi wake husoma umeme, husoma fizikia ya joto na shinikizo, husoma kemia ya gesi, na hufanya hesabu za ukubwa wa chumba na joto linaloingia humo kwa kuta, kwa dirisha na kwa pumzi za watu. Kijana aliyefeli hesabu kwa uvivu hataipenda kazi hii. Chuo cha Kabete chenyewe leo ni chuo cha taifa cha ufundi, na mtu huingia humo kwa alama zake. Na sisi makarani tuseme kweli katika mkutano wetu wenyewe: katika chumba nilichoanzia kazi tulikuwa makarani sita, na sasa tuko wawili, na daftari kubwa tulilokuwa tukigombania limekuwa programu ndani ya kompyuta. Mzee anisihiye nimtafutie mwanawe nafasi ya ukarani aniomba nimpe kiti katika nyumba inayobomolewa.

Wengine watasema kwamba huku ni kufuata watu wa nchi baridi, kwamba mashine hizi si zetu. Na wamsikie Frederick McKinley Jones. Alikuwa Mmarekani mweusi, alizaliwa Cincinnati mwaka 1893, akawa yatima mdogo na kuacha shule mapema. Umakanika na umeme alijifundisha mwenyewe kwa kusoma na kwa kufanya kazi katika magereji. Kabla yake nyama na mboga zilisafirishwa barabarani kwa vipande vya barafu vilivyoyeyuka njiani. Yeye alibuni mtambo mdogo wa baridi ulioweza kustahimili mitikisiko ya lori, akapewa hataza, na kampuni aliyoiasisi pamoja na Joseph Numero ndiyo ile ambayo jina lake, Thermo King, mwaliona juu ya malori ya baridi katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Alipofariki mwaka 1961 alikuwa ameacha hataza zaidi ya 60. Sanduku lile lililotokeza juu ya kichwa cha dereva lilitoka katika akili ya mtu mweusi asiyemaliza shule. Nalisema hili hasa kwa ajili ya mama aliyenijia wiki iliyopita akilia kwamba mwanawe amepata alama D na maisha yake yamekwisha.

Hayakuisha. Hata hivyo nisiwadanganye kwamba kujifundisha mwenyewe kunatosha leo, maana kazi imekuwa ngumu na ya hatari kuliko ilivyokuwa. Gesi zenyewe hubadilika. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa za sumu au za kuwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wanakemia wa Marekani walipata aina isiyowaka wala kunuka, ikaenea duniani kote. Miaka ya 1970 wataalamu wakagundua kwamba hupanda juu na kuila ozoni, ambayo ndiyo kinga ya dunia juu ya miale mikali ya jua. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 mataifa yakakubaliana kuiacha. Ile iliyoitwa R-22, ambayo ingalimo katika viyoyozi vingi vya zamani vya mji huu, nayo yaondolewa polepole, na nchi kama yetu zimewekewa mwaka 2030 kuwa mwisho wa karibu yote. Nyingine zilizoshika nafasi hiyo haziidhuru ozoni, lakini zikitoroka huzidisha joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza hizo pia. Matokeo yake ni kwamba friji nyingi mpya za nyumbani zina R-600a, ambayo ni jamaa ya gesi ya kupikia na huwaka kama yenyewe.

Mzee asikiaye majina haya atachoka, nami namwomba radhi. Lakini maana yake ni nyepesi. Fundi aliyezoea kuwasha moto wa kulehemu kwenye bomba lolote, kwa kuwa gesi ya zamani haikuwaka, akifanya vivyo hivyo kwa friji mpya ambayo hakuitoa gesi yake kwanza, atajiunguza yeye na nyumba ya mtu. Wako wanaotia oksijeni ndani ya mabomba kupima uvujaji kwa kukosa naitrojeni, ilhali oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka. Katika kiyoyozi mna kapasita, ambayo hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, nayo humpiga asiyejua. Viwanda vikubwa vya barafu hutumia amonia, na amonia ikivuja katika chumba kilichofungwa huua. Juu ya hayo yote kuna kuning'inia nje ya ghorofa ya tano huku umebeba chuma kizito. Mzazi ampelekaye mwanawe kwa fundi wa mtaani na amwulize fundi huyo maswali mawili: una mkanda wa usalama, na je, umewakatia wanafunzi wako bima? Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Mwajiri akikasirika kwa maswali hayo, mtoto arudi nyumbani.

Kuhusu njia za kujifunza sitakawia, kwa sababu Mwandishi wetu ana karatasi zake na atawaonyesha wanaotaka. Aliyepata C- katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuomba stashahada katika chuo cha ufundi. Walio chini yake wana milango ya vyeti vya madaraja ya chini, na wakifaulu hupanda ngazi moja moja. Serikali hutoa mikopo ya masomo kwa wanafunzi wa vyuo hivyo, na kaunti zina vyuo vyao vidogo vya ufundi tangu Katiba ya mwaka 2010 kuwakabidhi. Si kila chuo kifundishacho umeme hufundisha baridi, kwa hiyo mtu na aulize kabla ya kulipa, tena aende akaitazame karakana kwa macho yake. Chuo chenye ubao na chaki tu, kisicho na mashine iliyofunguliwa mezani, hakifundishi ufundi huu.

Ila njia ninayotaka kuisimamia zaidi ni ile ya vijana ambao tayari wako kazini bila karatasi. Humu ukumbini nimehesabu vijana wanne ambao hutembea na mafundi wakibeba ngazi. Hao wanajua mengi, lakini hoteli kubwa haiwezi kuwaajiri, na zabuni ya Serikali hawawezi kuisogelea. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu, kisha la pili, hata la kwanza, na mtihani huo hupimwa kwa kazi ya mikono pamoja na maswali. Mtu hahitaji kuwa amekaa darasani miaka mitatu. Ina vituo vyake, na kimoja ki hapa hapa Mombasa. Kwa kijana wa namna hiyo, msaada wa Chama ni ada ya mtihani na miezi michache ya kufundishwa yale asiyoyajua, hasa gesi mpya na usalama. Huenda fedha hizo zikazaa upesi kuliko fedha yoyote tuliyopata kuitoa.

Na zana? Hapa ndipo misaada mingi ya masomo hufia. Twamlipia kijana karo, akafaulu, tukampigia makofi, akarudi nyumbani na cheti. Cheti hakinyonyi hewa katika bomba. Bila geji za kupimia shinikizo, pampu ya kunyonya hewa, mtungi wa naitrojeni, kifaa cha kulehemu, mizani ya gesi, kipimo cha umeme na mkasi wa kukatia mabomba ya shaba, msomi huyo atarudi kubeba ngazi ya fundi mwenye zana, na fundi huyo atachukua robo tatu ya malipo. Nimewaona wawili wa namna hiyo. Mmoja sasa auza mitumba, na cheti chake kimo ndani ya fremu sebuleni. Bei za zana sizitaji leo, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na dola; Halmashauri yaweza kuleta hati za bei kutoka maduka matatu kabla ya kikao kijacho.

Mtunza Fedha ametusomea hesabu asubuhi hii, nazo zimo katika kijitabu hiki. Kila mmoja na atazame mwenyewe ni kiasi gani kilichokwenda kwa majeneza na magari, na kiasi gani kilichokwenda kwa walio hai. Mimi sisemi tuache kuzikana. Chama kisichozika watu wake hakina haki ya kuwaita watu wake. Lakini fedha za mazishi zatoka kwa wanachama wenye kazi, na wanachama wenye kazi wanazeeka. Vijana waliojiandikisha mwaka huu ni wachache, na wengi wao ada yao hulipwa na wazazi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko ufundi wenyewe: kwamba baada ya miaka kumi na mitano tutakuwa na katiba nzuri na sanduku tupu, na hapatakuwa na wa kutusafirisha sisi.

Kwa hiyo hoja ninayoomba ipigiwe kura ni hii. Sehemu moja katika kumi ya ada za kila mwaka iwekwe kando kwa ajili ya mafunzo, na tuanze na ufundi huu wa baridi kwa miaka mitatu. Kila mwaka tuchague vijana wawili. Kabla ya kuchaguliwa, kijana awe amekaa miezi mitatu na fundi mwenye cheti, akiosha vichujio vya viyoyozi na kushika taa, ili ijulikane kama anaipenda kazi au anapenda jina lake tu. Karo tumlipie kama zawadi. Zana tumpe kama mkopo: zibaki mali ya Chama, zikiwa zimeandikwa namba katika daftari, mpaka atakapozilipa kidogo kidogo kutokana na kazi yake, na fedha hizo zinunue zana za anayefuata. Awe na wadhamini wawili, wala mmoja wao asiwe ofisa wa Chama. Na mtoto wa ofisa asiingie katika miaka miwili ya kwanza, hata awe hodari kama Frederick Jones. Najua sharti hilo litaniletea maneno, na mwanangu mwenyewe limemgusa, kwa maana mkeo wa ndugu yangu Mtunza Fedha si mgeni kwangu; lakini bila hilo hakuna atakayeamini daftari letu.

Naomba pia katika kila vijana wawili, mmoja awe binti, akiwapo aliyejitokeza na kufaulu miezi mitatu ile. Mama mmoja wa Halmashauri aliuliza kama msichana aweza kubeba kompresa. Kompresa kubwa haibebwi na mwanamume peke yake pia. Hubebwa na watu wawili au kwa mnyororo. Kulehemu bomba jembamba la shaba bila kulitoboa kwataka mkono mtulivu, na mafundi niliozungumza nao hawakusema kwamba mikono mitulivu ni ya wanaume.

Swali la mwisho nililoulizwa mlangoni lilikuwa hili: tukimfundisha, akienda zake Dubai au Qatar? Ni kweli kwamba nchi za Ghuba haziwezi kukaa bila viyoyozi, na fundi mwenye vyeti hutafutwa huko. Aende. Ila asiende kupitia wakala asiyesajiliwa, na asiende kabla ya kurudisha zana au kumaliza deni lake. Wadhamini wapo kwa kazi hiyo. Heri tumpeleke fundi anayejua thamani ya mkono wake kuliko kuwapeleka watoto wasio na ujuzi wakafanye lolote waambiwalo.

Bwana Mwenyekiti, hoja imeandikwa katika karatasi iliyo mezani kwa Mwandishi, na naomba apatikane wa kuiunga mkono. Ikipita, daftari la majina ya vijana litafunguliwa leo baada ya chai, na wale wanne wabebao ngazi wameombwa wasiondoke kabla ya kuonana nami.